Kitambaa cha kijani kina taa zake

Wenzangu mnaorusha habari mtandaoni hapa Mtwara, Masasi hadi Lindi mjini: kabla ya kulaumu programu inayofuta kitambaa cha kijani nyuma ya mtangazaji na kuweka picha nyingine, kwa sababu nywele zake zinaonekana zimetafunwa, angalieni taa. Kitambaa cha kijani kinataka taa zake chenyewe, mbili, moja kila upande, mwanga ulingane kona hadi kona. Mtangazaji naye awe na zake, na asimame mbele ya kitambaa kwa mita 2 au zaidi. Akikisogelea, ukijani unamrukia mabegani na kwenye nywele, na programu inamkata pamoja nao. Umbali huo pia unaondoa kivuli chake.

Kitambaa kipigwe pasi, kivutwe, kibanwe pembeni. Upepo wa bahari ukikitikisa, mikunjo inaleta vivuli, kwa hiyo fungeni madirisha wakati wa kurekodi, hata kwa joto hili la Shangani. Kitenge chenye kijani msivae kabisa. Mandhari ya nyuma itatokea kifuani.

Na kama kwenye picha ya bandari mliyoweka nyuma jua linatoka kushoto, taa kuu ya mtangazaji nayo itoke kushoto.