Mkienda Mesa Verde na RV (gari-nyumba la kusafiria)
Wadau mlioko Marekani mnaotaka kwenda hifadhi ya Mesa Verde, Colorado, kuona zile nyumba za mababu wa Wapueblo (wenyeji asilia wa huko) kwenye magenge ya miamba, kama RV yenu inavuta trela iacheni karibu na geti au pale kambi ya Morefield, mbele ya hapo trela haziruhusiwi, ni kona na mlima tu. Tiketi za Cliff Palace, moja ya nyumba hizo, zinafunguliwa mtandaoni siku 14 kabla na zinaisha chapchap. Mimi naipenda zaidi nyumba nyingine, Balcony House, ila kuna ngazi ya mbao ya futi 32 halafu kinjia cha inchi 18 mnapita kwa magoti, mwenye kitambi ajipime kwanza. Na maji bebeni ya kutosha, huko ni juu futi 7,000 pumzi inakata haraka.