Chupa ya maji moto kwa usiku wa Everest

Nimerudi juzi kutoka kambi ya chini ya Everest, na hili alinionyesha mwongozaji wetu tukiwa kijiji cha Dingboche, mita 4,410 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya kulala, nunua maji ya moto jikoni mwa nyumba ya wageni, jaza chupa ngumu ya lita 1, kaza kifuniko, igeuze juu chini uone kama inavuja, ivalishe soksi nene kavu, kisha itie kwenye begi la kulalia dakika 20 kabla hujaingia. Ukishaingia, ibane katikati ya mapaja. Mishipa mikubwa ya damu iko karibu hapo, joto linafika hadi vidoleni. Begi lenyewe halitengenezi joto, linatunza lililopo tu, na vyumba vya kulala havina moto: jiko la kinyesi kikavu cha yak (ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu) liko ukumbi wa kulia chakula, na usiku huachwa lizimike. Asubuhi maji hayajaganda, unayanywa, na soksi unaivaa ina uvuguvugu. Simu na betri zilaze humo humo, maana baridi hunyonya chaji.

Haifai kwa chupa laini za dukani: moto unazikunja, zinavuja, na begi la manyoya likilowa halikufai tena. Kijiji cha Gorak Shep, mita 5,164, maji ya moto ni ghali. Usibanie pesa hapo. Ila kichwa kikiuma huku unatapika au unayumba, hiyo si baridi, ni ugonjwa wa mwinuko. Mwamshe mwongozaji usiku huohuo, mshuke.