Ukienda Vumawimbi, usiyakanyage yale majani

Mnaopanga kwenda ufuko wa Vumawimbi, kule Pemba: mkishatoka msitu wa Ngezi, msishuke pwani kwa kukata njia juu ya vilima vya mchanga. Fuateni kinjia kilichokwisha kanyagwa. Yale majani yanayotambaa, yenye maua ya zambarau, ndiyo yanayoushika mchanga usipeperuke. Ukiyang'oa ili upate pa kutandika mkeka, upepo unamalizia kazi. Mkeka tandikeni chini, kwenye mchanga mtupu, ila siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, angalieni ule mstari wa mwani mkavu: maji yanafika hapo, na yakija hayabishi hodi. Maji ya kunywa na vitafunio nunueni kabisa mjini Konde, kabla hamjaufikia msitu. Na gari, jamani, liacheni huko huko barabarani.