Somo: Namna ya kulisoma gofu la ukumbi wa ibada wa Kibudha, Ayutthaya

Ndugu zangu, wengi wakifika Ayutthaya, mji mkuu wa kale wa Thailand, kilomita kama 80 kaskazini ya Bangkok, hukimbilia kile kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi pale kwenye hekalu la Wat Mahathat. Wakishapiga picha, basi. Kumbi za matofali wanazipita kama maboma ya nyumba ambazo mwenyewe aliishiwa hela. Inaniuma, maana humo ndimo watu walimokaa chini wakasali.

Tutumie Wat Ratchaburana, jirani kabisa na Wat Mahathat. Mfalme Borommarachathirat wa Pili aliijenga mwaka 1424, mahali ilipochomwa miili ya kaka zake wawili. Walikuwa wameuana wakipigana juu ya tembo, kila mmoja akitaka kiti cha baba yao.

Hatua ya 1. Ingia kwa upande wa mashariki. Ukumbi unatangulia, mnara mkubwa uko nyuma yake. Simama nje ya mlango kwanza, mnara uuone kupitia uwazi wake.

Hatua ya 2. Tazama chini kabla ya juu. Tafuta vishina vya nguzo. Mara nyingi vimepangwa safu mbili, na njia ya katikati inaelekea magharibi, kwenye jukwaa la matofali alipoketi Buddha. Ukishalipata jukwaa, umeshajua waumini walielekea wapi.

Hatua ya 3. Rudisha paa kichwani mwako. Lilikuwa la mbao na vigae. Mwaka 1767 jeshi la Burma liliuteka mji baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka mzima, likauchoma. Mbao ziliteketea, matofali yakabaki. Kwa hiyo jua unalolipata humo ndani, waliosali hawakulijua: kumbi za zamani zilikuwa na vipenyo vyembamba vya wima badala ya madirisha, na ndani mlikuwa na giza la ubaridi.

Hatua ya 4. Sogea karibu na ukuta, mikono nyuma. Hapa msiharakishe. Mahali pengine lipu imebanduka, pengine bado imeshika, na ukingoni mwake utaona unene wake wote na tofali jekundu linavyochungulia chini yake. Chokaa ile ilichanganywa na mchanga, maji ya miwa na gundi ya ngozi, kisha fundi akaifinyanga kwa mkono ingali mbichi. Maua na mapambo yote unayoyaona ni lipu, si tofali. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu kaegemea ukuta apate picha: anachokisugua kwa mgongo ndiyo kazi yenyewe ya fundi.

Hatua ya 5. Amua: ni wihani au ubosoti? Zunguka nje. Ukikuta mawe bapa yaliyosimamishwa pande nane, hayo ni mawe ya baisema, na ukumbi ni ubosoti, wanakotawazwa watawa. Yasipokuwepo, huenda ni wihani, ukumbi wa wote. Ila mawe huhamishwa, kwa hiyo angalia na upande: katika mahekalu ya kifalme ya hapa, aghalabu wihani iko mashariki ya mnara, ubosoti magharibi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mbona sanamu nyingi hazina vichwa?
Marahaba, mwanangu. Nyingine zilivunjwa vitani, nyingine zilikatwa baadaye na wezi wa kuuza vitu vya kale. Usisimame nyuma ya kiwiliwili ukaweka kichwa chako juu yake. Kwa Wathai ni matusi makubwa.

Kuna kuta zimeishia magotini. Zilianguka zote?
Hapana. Bangkok ilipofanywa mji mkuu mwaka 1782, matofali mengi ya Ayutthaya yalipakiwa kwenye mashua yakateremshwa mtoni kwenda kujenga kuta za mji mpya.

Mimi ni wa Kilwa. Kuna kinachofanana na kwetu?
Chokaa, ndugu yangu. Kwenu iliunganisha mawe ya matumbawe, kule matofali. Jicho lililozoea Kilwa Kisiwani litaisoma lipu ya Ayutthaya upesi.

Niliona ukumbi ambao msingi wake umebonyea katikati. Umetitia?
Haukutitia, ni makusudi. Mafundi wa zama za mwisho za Ayutthaya waliupinda ufanane na tumbo la jahazi la Kichina, na Wathai wanauita hivyo hivyo. Ukirudi, chuchumaa kwenye kona, jicho lifuate mstari mmoja wa matofali: unashuka taratibu hadi katikati, kisha unapanda tena kama tezi la chombo.