Jinsi ya kuunganisha ufundishaji na utafiti tumizi katika ujenzi endelevu wa mbao

Mwalimu anayeandaa kozi ya ujenzi wa mbao asianze na michoro ya majengo marefu, hata kama ndiyo inayowavutia wanafunzi. Aanze na unyevu, kwa sababu kasoro nyingi za majengo ya mbao, tangu mlango unaokwama hadi boriti inayooza, chanzo chake ni maji.

Kila mwanafunzi akate kipande kidogo cha ubao, mbali na ncha kwa kuwa ncha hukauka upesi kuliko katikati, akipime uzito papo hapo, akiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi, kisha arudie kukipima mpaka uzito uache kupungua. Uzito uliopotea hugawanywa kwa uzito mkavu, wala si kwa uzito wa mwanzo, kisha huzidishwa kwa 100. Ndiyo maana mbao bichi za baadhi ya miti huonyesha unyevu unaozidi asilimia 100. Mwalimu asiharakishe kulieleza jambo hilo, awaache wanafunzi wabishane kwanza. Baada ya hapo mipaka miwili itaeleweka kwa urahisi: ubao huanza kusinyaa unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na kuvu wanaoozesha mbao kwa kawaida hawastawi ikiwa unyevu uko chini ya asilimia 20. Kusinyaa huko hakuko sawa pande zote. Kule kunakofuata mzingo wa pete za ukuaji hukaribia mara mbili ya kule kunakoelekea kwenye kiini, ilhali urefu wa ubao haubadiliki sana, na kwa hiyo ubao mpana uliokazwa kwa bolti kingo zote mbili ukiwa mbichi hupasuka unapokauka.

Jaribio la nguvu lifuate. Boriti huwekwa juu ya vihimili viwili vilivyoachana kwa umbali wa takriban mara 18 ya kimo chake, mzigo ukashuka kwenye nukta mbili zinazougawa umbali huo katika theluthi, na mpindo ukapimwa katikati. Kabla ya kupakia mzigo, mwanafunzi achore kila kifundo na aandike ni wapi anadhani boriti itavunjikia. Sampuli zikae kwanza katika chumba chenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi unyevu wa mbao utulie, kwa kawaida karibu na asilimia 12, vinginevyo atakuwa analinganisha ukavu badala ya spishi.

Hapo ndipo utafiti huanzia, na swali lake litoke kwa mafundi. Kuuliza kama mbao kuukuu zinafaa kujengea tena ni kuuliza mambo kumi kwa pamoja. Afadhali kuuliza tundu la msumari hupunguza nguvu ya ubao kwa kiasi gani, kisha kukata jozi za sampuli kutoka ubao uleule, moja yenye tundu na nyingine isiyo nalo. Sampuli iliyovunjika mapema kuliko matarajio isitupwe, kwani mara nyingi ndiyo yenye habari.

Suala la kaboni linahitaji hesabu ya pande zote mbili. Takriban nusu ya uzito mkavu wa mbao ni kaboni, na kilo 1 ya kaboni hulingana na kilo 3.67 za kaboni dayoksaidi, hivyo mita moja ya ujazo yenye kilo 450 za mbao kavu huhifadhi kiasi kinacholingana na kilo 825 hivi za gesi hiyo. Kozi inayoishia hapo inazipigia mbao debe, haifundishi. Wanafunzi wahesabu pia nishati ya kukausha, usafirishaji na gundi, wachunguze kama msitu ulikovunwa mti unapandwa upya, na waeleze jengo litakapobomolewa mbao zitakwenda wapi. Ikiwa zitachomwa, kaboni hiyo hurudi hewani.

Ripoti ya mwisho iwe na ukurasa mmoja kwa ajili ya mafundi, wenye mchoro, spishi, unyevu na vipimo vya sampuli, ili anayetumia mbao za aina nyingine ajue kwamba namba hizo hazimhusu.