Kuandaa mizinga ya uwani kabla ya masika

Nyuki wa Mombasa hawauawi na baridi. Kinachowaondoa ni unyevu na njaa, nao hawasubiri kufa: huhama. Nyuki wa pwani ni mdogo kuliko wa bara na mwepesi wa kuondoka mzinga ukivuja, chungu wakizidi au akiba ikiisha. Asubuhi moja unakuta masega matupu. Kazi ya Machi, upepo wa kaskazi unapolegea na wa kusi haujashika, ni kuwapa sababu ya kubaki mpaka mvua za Mei zipite.

Kwanza mahali. Ua uliozungukwa na nyumba pande zote, kama zile za Mji wa Kale, haufai mzinga, hata ukiwa na nidhamu gani. Kunakofaa ni pembezoni, kwenye viwanja vyenye nafasi vinavyokaribiana na mikoko ya hori la Tudor au Port Reitz. Panda ua wa miti wenye urefu wa mita 2 kuuzunguka mzinga, ili nyuki wapae juu kabla ya kufika njiani. Tundu la kuingilia lielekee kaskazini-magharibi. Hapo kaskazi haliupigi uso wa mzinga, wala kusi na mvua zake. Na usifunge mbuzi wala punda karibu. Mtu hukimbia, mnyama aliyefungwa hakimbii.

Kurina asali kufanywe mapema, siku kavu, kuanzia saa 11 jioni. Kwa bomba la moshi hakuna kuni bora kuliko makumbi makavu ya nazi yaliyopondwa. Weka kaa moja chini, makumbi juu yake, kisha majani mabichi kidogo ya kupoza moshi. Jaribu moshi huo kwenye mgongo wa mkono wako. Ukikuunguza, utawaunguza na nyuki. Puliza mara 3 au 4 tunduni, subiri dakika 2, ndipo ufungue. Ukichomwa, ukwangue mwiba kwa ukucha mara moja na upulize moshi pale pale, kwa sababu mwiba huachia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu na huwaita wengine. Kwa hiyo ndizi usile kabla ya kwenda mzingani. Anayevimba uso au kukosa pumzi baada ya kuchomwa apelekwe hospitali papo hapo.

Kwenye mzinga wa papi (vipande vya mbao vinavyopangwa juu, masega yakining'inia chini yake), anzia mwisho ulio mbali na majana, yaani watoto wa nyuki. Chukua sega lililozibwa na nta angalau robo tatu. Ukilitikisa na matone yakaruka, hiyo ni mbochi bado, maji ya maua yasiyoiva kuwa asali, irudishe. Acha ukanda wa sega wa sentimita 2 chini ya papi ili wajue pa kujengea. Usiguse sega lenye majana, na uache masega 4 ya asali au zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Asali ya Machi inatamanisha, mtu anakomba mzinga mzima, kisha mvua inawafungia nyuki ndani siku tano mfululizo bila chakula. Sega moja lililojaa hutoa kama kilo moja, na kilo hiyo haifidii kundi lililohama.

Hewa ya pwani ina maji mengi, na asali huyafyonza. Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi asilimia 20. Ikipita hapo huchacha, inatoa povu na harufu ya uchachu. Ichuje jioni ile ile kwa kitambaa safi (chandarua cha mbu chenye dawa hakifai, hata kikiwa kipya), ujaze ndoo karibu na ukingo ili hewa ibaki kidogo, na ufunge kifuniko kikaze. Usirine siku ya mvua hata kama mteja anasubiri.

Baada ya kurina, punguza nyumba. Kundi dogo lililoachwa kwenye mzinga mkubwa haliwezi kulinda masega yote. Nondo wa nta hutaga kwenye yale yasiyo na walinzi, na baada ya siku kadhaa unaona utando. Mbawakawa wadogo wa mzinga ni wabaya zaidi: mabuu yao hulowesha asali mpaka inateleza na kunuka kama chungwa bovu, kisha hushuka kujifukia kwenye udongo chini ya mzinga. Ondoa masega meusi na matupu, bakisha yale yanayofunikwa na nyuki, na uzibe nafasi iliyobaki kwa ubao. Punguza na matundu ya kuingilia, yabaki mawili au matatu.

Papi ziwe na upana wa milimita 32 na zigusane. Pakiwa na nyufa, watajenga mshazari na hutaweza kutoa sega moja bila kuvunja jingine. Inua nyuma ya mzinga sentimita 1 au 2 ili maji yatiririkie mbele. Juu ya bati weka makuti, na kati yake na bati acha hewa. Bati tupu hupika nyuki jua linapotoka baada ya mvua, na hapa chumvi ya bahari hulila upesi. Misumari pia iangalie, iliyooza ibadilishe sasa.

Watu huweka miguu ya mzinga kwenye makopo ya oili chafu kuzuia chungu. Wakati wa kaskazi hufaa. Masika makopo hujaa maji, oili inaelea na kumwagika, majani yanakufa na chungu wanapita. Afadhali utundike mzinga kwa waya, usawa wa kiuno, na uupake waya grisi. Kisha ukate kila tawi linalogusa mzinga. Chungu wa maji moto hawahitaji zaidi ya jani moja kuwa daraja.

Bustani ipandwe mvua zinapoanza, si zinapokwisha. Mnazi huchanua mwaka mzima na ndio msingi wa chakula chao. Ongeza mlonge, kunde, mbaazi, maboga, na alizeti inayopandwa kwa awamu kila baada ya wiki 2. Mrehani ni rahisi kuliko yote: kata kijiti cha sentimita 12, toa majani ya chini, kichomeke kwenye udongo mnyevu. Shida ni kwamba wenye nyumba huukata kwa ajili ya vikuba, vishada vya kunukia vya kujipamba, kabla haujachanua. Basi panda vichaka viwili, kimoja cha kina mama na kimoja cha nyuki. Ua la boga hufunguka asubuhi na kufunga kufikia mchana, hivyo dawa ya wadudu, ikibidi, inyunyizwe jua likizama. Waambie na majirani wanaonyunyizia mbu.

Mvua ikikaza na mzinga ukawa mwepesi unapouinua upande mmoja, lisha. Kilo 1 ya sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, nusu lita kila baada ya siku 2, ndani ya mzinga, jua likizama, na vijiti juu yake wasizame. Ukilisha nje utaita wezi kutoka makundi mengine. Asali ya dukani usiwape, huleta maradhi. Sukari ikome kabla ya msimu wa asali, la sivyo utarina sukari.

Ukiona nyuki hawaleti chavua, na ukifungua hakuna mayai huku akiba inaliwa haraka, wanajiandaa kuondoka. Lisha siku hiyo hiyo, tafuta chungu au mvujo, kisha usifungue tena kwa wiki nzima. Wakihama, toa masega jioni ile ile na uyeyushe nta, upanguse mzinga, uzisugue papi kwa nta kidogo na uutundike tena mtupu.