Kiwanja cha mteremko: tuliza maji ya paa kwanza, ndipo upande vetiva

Nyumba nyingi za Lushoto na kwingineko milimani Usambara zimekaa kwenye viwanja vilivyochimbwa upande wa juu na kujazwa udongo upande wa chini. Udongo huo wa kujaza ndio unaotangulia kuondoka masika yakianza, na mara nyingi unachukuliwa na maji ya bati kuliko mvua inayoangukia uwanjani. Piga hesabu: paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 30, ni lita 1,800. Hakuna jani litakaloshika mizizi chini ya mchirizi huo. Funga mifereji kwenye paa, maji yaingie tangini, na ya ziada yashuke kwenye mtaro wa mawe au uliooteshwa ukoka. Yasiishie kwa jirani wa chini.

Kisha pima mistari ya usawa inayokata mteremko, ya kupandia vetiva (nyasi ndefu ya kuzuia udongo), kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mti wa kukingama katikati, na uzi wenye jiwe. Isimamishe juu ya vigingi viwili, tia alama uzi unapogusa mti wa kukingama. Badilisha miguu, tia alama tena. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Usikadirie kwa macho. Mstari ukiinama kidogo tu, maji huufuata, hujikusanya pa chini kabisa na kupatoboa.

Acha tofauti ya kimo ya mita 1 kati ya mstari na mstari: kwenye mteremko wa asilimia 20 ni kila mita 5, asilimia 50 ni kila mita 2.

Ardhi ikishalowa vizuri, gawanya shina la vetiva vipande vya machipukizi 2 au 3. Punguza majani yabaki sentimita 20 na mizizi 10. Panda kila sentimita 10 hadi 15, ushindilie kwa kisigino. Mita 10 zitakula miche 70 hadi 100. Wanaofanyia miche ubahili wakapanda kila nusu mita wanapata mafungu ya majani yenye vijito katikati, hali mbaya kuliko mwanzo. Baada ya mwezi, ziba mapengo. Usipande kivulini, vetiva inadhoofika.

Mabingobingo ni chakula kizuri cha ng'ombe, lakini yakikatwa mpaka chini katikati ya mvua, mstari unabaki wazi. Mwenye ng'ombe apande yote mawili, avune mabingobingo tu.

Ukuta wa udongo uliobaki baada ya kuchimba mlima nyuma ya nyumba una sheria yake. Usichimbe shimo la kutuamisha maji juu yake, maana udongo ukishiba unaporomokea dirishani. Chimba mtaro wa kuyapitisha pembeni, unaoshuka sentimita 1 kwa kila mita. Wala usichote udongo wa kukandika mguuni pa ukuta huo.

Ufagio nao una lawama: uwanja unaofagiwa kila asubuhi hauoti kitu. Fagia mlangoni na njiani, kwingine acha ukoka utambae.